Wasifu wa Kefa Silwimba Kama Ulivyoidhinishwa na Kamati

Kamati ya Kudumu ya Muda ya Mnara wa Mashujaa Tunduma inayo furaha kuwatangazia wananchi wote, wakiwamo madereva wa malori walio kwenye foleni ya mpakani na ambao kwa sasa hawana pa kwenda, kwamba mji wetu umepata historia. Hapo awali tulikuwa na mpaka, reli, vumbi, dagaa wa kapenta na wabadilisha fedha. Historia yenyewe ilikuwa imekwama Mbeya kwa kukosa usafiri. Sasa imefika, imejengwa kwa saruji, na ukisimama Nakonde, upande wa Zambia, unaiona vizuri.

Taarifa hii naiandika mimi, Ndalahwa, Afisa Utamaduni na Katibu wa Kamati. Wazazi wangu waliteremka bonde la Momba na ng'ombe wao nikiwa mgongoni, kwa hiyo utamaduni ninaoufahamu barabara ni wa ng'ombe. Nilipoomba kazi niliulizwa kama nina cheti. Nilikuwa nacho, na habari ya kuujua utamaduni wa Wanamwanga ambao ndio wenye mji haikugusiwa na upande wowote. Kamati iliitwa ya Muda kwa sababu ilipewa muda mfupi, ikaongezewa neno Kudumu baada ya wajumbe kuizoea chai ya vikao.

Mnara una pande nne. Upande unaotazama barabara kuu umeandikwa jina la Mgeni Rasmi aliyeweka jiwe la msingi. Wa pili una majina ya wajumbe kwa kufuata itifaki, na langu lipo chini kabisa, karibu na matope. Wa tatu umeandikwa jina la duka la Mwenyekiti wetu, Bwana Damiano Sichone, aliyetoa saruji kwa moyo wa kizalendo na mchanga kwa moyo mkubwa zaidi. Upande wa nne, ule unaotazama Zambia, tuliwaachia mashujaa.

Shujaa alipatikana mmoja. Jina lilitoka juu: Kefa Silwimba, vita vya Kagera. Mwenyekiti alisononeka kidogo, maana ukuta ulikuwa mpana, akaagiza herufi ziwe kubwa ili huyo mmoja aujaze. Chini ya jiwe la msingi tulifukia kopo la biskuti lenye picha ya Kamati nzima, suti na tai, Mgeni Rasmi katikati, ili vizazi vijavyo vijue ni akina nani waliowajali mashujaa. Wazo la kopo lilikuwa langu. Nililipata kwenye semina, na nilipongezwa kwa makofi.

Likabaki jambo dogo. Siku ya kuuzindua mnara, Mgeni Rasmi angehitaji kusoma maisha ya shujaa, na sisi tulikuwa na jina tupu. Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikaona busara kuuandika wasifu kwanza, kisha marehemu atafutwe ili alingane nao.

"Alikuwa jasiri tangu utotoni," alisema Mwenyekiti. "Andika, Katibu."

"Tunalithibitishaje, Mheshimiwa?"

"Si alifia vitani? Mwoga angerudi. Mimi hali ya vita naijua, nilikuwa kijana wakati ule."

"Ulikuwa kikosi gani, Mheshimiwa?"

"Nilikuwa kwa shangazi, Nakonde. Andika."

Nikaandika. Mjumbe mmoja alipendekeza kwamba shujaa akiwa darasa la tatu aliua simba kwa mikono. Tulijadili kwa kina, tukahofia kwamba simba atatuletea maswali ya watu wa maliasili, tukakubaliana juu ya chui. Wasifu ulipokamilika ulikuwa mzuri kiasi kwamba wajumbe wawili walifuta machozi. Nikatumwa kuitafuta familia ili iuthibitishe kwa dole gumba.

Nilikuwa nimejiandaa kwa utafiti wa muda mrefu, wenye viatu vya mvua. Nikaanza kwa kumuuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza kapenta kwenye kijia cha pembeni, ubavuni mwa mnara wetu, kama amewahi kusikia ukoo wa Silwimba. Alikuwa anamhudumia mteja wa Zambia, wanasalimiana mulishani na bwino, akanijibu bila kuinua kichwa.

"Mimi ni Restuta Silwimba. Unanunua au unatafuta mtu?"

"Namtafuta Kefa."

Hapo akainua kichwa. "Kefa ni kaka yangu. Alikufa vitani. Wewe nani?"

Nikamwonyesha mnara. Alisema anauona kila siku, ila upande wake umeandikwa duka la saruji, akadhani ni tangazo. Nikamzungusha hadi upande wa nne. Alisimama pale na beseni lake kiunoni, akasoma herufi moja moja, akaweka kiganja juu ya K na kukiacha hapo.

"Mbona hamkutuambia?"

"Tulikuwa kwenye mchakato, dada."

"Nauza samaki hapa tangu mnachimba msingi. Mnapita mnanunua, mnaniomba niwaongeze."

Na mimi ni mmoja wa waliokuwa wakiongezewa. Akamkabidhi jirani beseni, tukapanda bodaboda kwenda Chapwa kwa mama yake.

Bibi Ferista alikuwa ameketi nje ya nyumba kwenye kigoda, anapepeta maharage. Macho yalikuwa yamepungua nguvu lakini mikono ilikuwa inajua kazi yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Karibu. Umekuja kwa habari ya nguzo za umeme?"

"Hapana, bibi. Nimekuja kwa habari ya Kefa."

Ungo ukasimama. Restuta akamwinamia mama yake na kumweleza kwa Kinamwanga, taratibu, na mimi nikatazama kuku. Kisha nikaandaliwa chakula, kwa sababu kwao mgeni haulizi kitu akiwa na njaa. Ugali ulikuwa safi. Maharage yalikuwa yameiva, mazito, na hayana chumvi hata chembe. Nikaona hiyo ni changamoto ya kipato katika ngazi ya kaya, nikaendelea kula kwa masikitiko ya kikazi huku nikimuuliza Restuta maisha ya marehemu.

"Kaka alikuwa mpishi," alisema. "Reli ilipokuwa inajengwa alikwenda kambini kwa Wachina, akaanza kuosha sufuria, baadaye wakamwachia karai. Aliporudi akawa anakaanga kabichi kwa moto mkali mpaka majirani wanakuja na ndoo za maji."

"Alikuwa jasiri?"

"Kuku alikuwa hawezi kuchinja. Mpishi mzima, anafumba macho, ananiita mimi mtoto wa shule nimchinjie."

"Hakuwahi kukutana na chui? Hata kwa mbali?"

"Kulikuwa na beberu wa jirani. Akimwona Kefa anamkimbiza mpaka anapanda juu ya tofali."

Bibi Ferista akacheka. Alicheka kwa sauti ndogo, peke yake, na akauambia ungo jina la yule beberu, jina ambalo nina hakika hakuna mwingine duniani aliyekuwa bado analikumbuka. Mimi nikajiwekea kichwani kwamba marehemu alikuwa na uzoefu na wanyama.

Nikauliza alikufaje. Restuta alisema kaka yake alikwenda vitani na mgambo, kama mpishi. Waliondoka pamoja na Mzee Clement wa hapo hapo Chapwa, na huyo ndiye aliyerudi na habari. Kefa alikuwa amewapelekea wenzake sufuria la maharage kule mbele. Walipoonja wakakuta hakutia chumvi. Wakamwambia acha, tutakula hivyo hivyo, huko nyuma kunapigwa. Yeye akasema chakula chake hakiliwi hivyo, akarudi kufuata chumvi. Hakufika.

"Na mwili?"

"Ulibaki huko huko. Na sisi kwetu mwenye msiba hagusi chumvi mpaka mtu wake azikwe, matanga yaanuliwe. Wazee walitufungulia sisi watoto, tukala. Mama alikataa. Alisema hawezi kuanua matanga ya mtu ambaye hajalazwa mahali. Mchungaji alitoka Mbozi Mission kuja kumwambia Mungu haangalii chumvi."

"Nikamwambia, basi Mungu asiangalie," alisema Bibi Ferista. "Mimi naangalia."

Nikatazama bakuli langu. Wakati Kefa anakufa mimi nilikuwa sijazaliwa, na bibi huyu alikuwa anakula hivi tangu wakati huo. Nilitaka kusema pole, lakini pole yangu niliiona haitoshi, nikatoa kidau cha wino badala yake.

Bibi akakisukuma pembeni. "Niambie kwanza. Hapo mlipoandika jina lake, mmemlaza?"

"Mnara, bibi, ni alama ya kudumu ya kumbukumbu endelevu ya taifa."

"Nimekuuliza kama mmemlaza."

Wino ulikuwa unakauka. Wa bodaboda alikuwa anaangalia saa. Mwenyekiti alikuwa amesema nisirudi bila dole gumba, na mimi nimelelewa katika utumishi ambao swali gumu hujibiwa ndiyo ili mtu aende nyumbani.

"Ndiyo, bibi. Amelala pale."

"Mlimleta?"

"Taratibu zote zilifuatwa."

Alishika ungo, akauachia, akaushika tena. "Restuta, umesikia. Kaka yako amelala pale unapouza samaki." Kisha akalia. Alilia polepole bila kujifunika uso, na dole gumba akanipa huku analia. Nilisikia aibu, sifichi. Ila nimefundishwa kwamba mtumishi wa umma akisikia aibu huenda ni njaa tu, nikamalizia maharage.

Kamati ilipokea matokeo ya utafiti wangu na kuyafanyia maboresho.

"Mpishi?" alisema Mwenyekiti. "Mgeni Rasmi atoke huko alikotoka na msafara wake aje kumfunulia kitambaa mpishi?"

Likapitishwa kwamba marehemu alikuwa Mratibu wa Lishe wa Mstari wa Mbele. Kuhusu wanyama, tuliona wawili watamchosha Mgeni Rasmi, hivyo beberu akapandishwa cheo na kuunganishwa na chui. Ikabaki chumvi.

"Hakuna mtu anayekufa kwa ajili ya chumvi," alisema Mwenyekiti. "Andika alirudi kufuata vifaa vya kimkakati."

Familia ilitengewa viti nyuma ya jenereta. Habari ya kaburi sikuitaja, kwa kuwa haikuwa kwenye ajenda.

Siku ya Mashujaa nilifika uwanjani mapema kuhakiki zulia jekundu. Baridi ya Julai ilikuwa inakata masikio. Nilikuta zulia limekaliwa. Wanawake wa Chapwa walikuwa wamelijaza, wamejifunga khanga viunoni, na katikati yao ameketi Bibi Ferista, miguu ameinyoosha, ameegemea mnara kwa upande wa nne. Mafiga yalikuwa yamewekwa kando ya meza kuu na sufuria la maharage linachemka. Wanaume walikuwa wamekoka moto wao upande wa kushoto, kwenye mbao za jukwaa la kwaya. Nilijua hapo hapo ninachokitazama. Hata mtoto wa ng'ombe kama mimi anautambua msiba.

Mwenyekiti alifika akasimama juu yao na suti yake ya kijivu. "Akina mama, hili zulia ni la itifaki."

"Na huu msiba ni wa nani?" aliuliza Restuta.

"Hakuna msiba hapa. Hapa kuna uzinduzi."

"Bwana Afisa alisema mmemlaza hapa. Mtu wetu akilazwa tunakuja kumlilia. Au kwenu mnafanyaje?"

Mwenyekiti akanitazama. Nikatazama chini ambako kulikuwa na sisimizi. Akamwita askari awaondoe. Askari alikuwa kijana wa Kinyiha kutoka Vwawa. Alikwenda mpaka ukingoni mwa zulia, akavua kofia, akampa Bibi Ferista mkono wa pole, akazunguka moto na kuketi. Akatumwa wa pili, naye akaketi. Baada ya hapo tuliacha kutuma, tusije tukaishiwa.

Na watu wakazidi. Wabadilisha fedha walikuja na vibunda vyao wakatia rambirambi kwenye sahani. Wauza kapenta walikuja. Madereva waliokuwa kwenye foleni, Wazambia na Wakongo, walipoona moto, wanawake wanaolia na wanaume walionyamaza, hawakuuliza kitu, wakashuka wakaja kuketi, kwa sababu msiba haupitwi. Kufikia saa nne Kamati ilikuwa imefanikiwa kukusanya umati mkubwa kuliko wowote ulioonekana Tunduma bila fulana za bure. Nimeliweka hilo kwenye orodha ya mafanikio.

Mgeni Rasmi aliingia na msafara wake. Mwanasiasa aliyekomaa akiona msiba haulizi ni wa nani. Alivua miwani ya jua akiwa bado ndani ya gari, akatembea ameinama, akaketi kwenye zulia na kumshika Bibi Ferista mikono yote miwili. Kwa kuwa alikwisha kuketi, na sisi tukaketi. Mwenyekiti alikosa nafasi kwenye zulia, akachuchumaa karibu na jenereta.

Baada ya maombi Mgeni Rasmi alisimama akafungua karatasi. Alisoma kwa sauti nzuri. Alisoma ujasiri wa utotoni, akasoma chui, akaigiza kidogo jinsi chui alivyokabwa. Bibi Ferista alisikiliza amekunja uso, kama anajaribu kumkumbuka mtu.

"Mwanangu," alisema, "huyo unayemsoma ni mtoto wa nani?"

"Ni wako, bibi."

"Wangu alikuwa anafumba macho kuku akichinjwa."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikahamia kwa wanaume, kikawafikia Wakongo ambao walisubiri kutafsiriwa. Mgeni Rasmi alitazama karatasi, akatazama watu, akaikunja na kuiweka mfukoni.

Hapo akasimama Mzee Clement, msemaji wa msiba, amevaa koti la mgambo lililobaki kola na mifuko. "Tunaishukuru serikali kutuletea mtoto wetu," alisema. "Huyu alikuwa mpishi. Alitulisha, na siku aliyokufa alikuwa amekwenda kufuata chumvi, nilimwona anaondoka. Haya. Sasa kwetu sisi, kabla hatujaanua matanga, waliozika husimama wakaeleza walivyomlaza. Nani alichimba?"

Nyuma ya meza kuu tulikuwa tumetundika bango kubwa la Mwenyekiti ameshika koleo siku ya jiwe la msingi, anatabasamu. Umati mzima ukageuka kulitazama bango, kisha ukageuka kumtazama Mwenyekiti.

"Kichwa mmekielekeza wapi, ndugu?" aliuliza Mzee Clement.

"Ujenzi ulizingatia ramani," alisema Mwenyekiti.

"Hiyo ramani ilielekeza kichwa wapi?"

"Mashariki. Nadhani. Katibu atafafanua."

Nilisimama. Bibi Ferista alikuwa amenigeuzia uso. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri, na mkononi ameshika upawa wa bati uliochakaa, wenye mpini wa waya. Nilitafuta neno la kiofisi la kumjibia na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikulipata hata moja.

"Hayumo, bibi," nilisema. "Nilikudanganya. Mle ndani mna picha."

"Picha ya Kefa?"

"Hapana, bibi. Picha yetu sisi. Kamati."

Muuza kapenta mmoja aliwaeleza madereva kwa Kibemba, na dereva mmoja akashika kichwa.

"Mmezika picha ya watu walio hai?" aliuliza Mzee Clement.

"Wengi wao," nilisema. "Mjumbe wetu wa upande wa Mkwajuni amekuwa akiumwa mgongo tangu wakati ule." Umati ukasema eeh, na mjumbe mwenyewe, aliyekuwa nyuma ya hema, akajishika kiuno.

Bibi Ferista aliinamisha kichwa. Nilidhani analia, lakini alikuwa anausugua upawa kwa pindo la khanga. "Basi watoeni hao," alisema. "Mwekeni mwanangu. Mwili sina, ila huu aliutengeneza mwenyewe kambini kwa Wachina. Mikono yake imo humu."

"Na kaburi hufukuliwa na aliyelichimba," alisema Mzee Clement.

Mwenyekiti alikuwa amepata sauti. "Jiwe la msingi haliondolewi bila kikao. Kuna taratibu. Kuna akidi."

Mgeni Rasmi, ambaye nadhani sasa ndipo alipokumbuka kwamba kwenye ile picha yeye yuko katikati, alivua koti. "Bwana Damiano. Chukua koleo."

"Mheshimiwa, akidi haijatimia."

"Chukua koleo."

Koleo lenyewe halikuhitajika sana. Jiwe la msingi liliachia lilipoguswa, pamoja na saruji yake ya kizalendo, na Mwenyekiti akaangukia magoti kwenye udongo. Kopo lilitoka limejaa kutu na maji ya masika. Mgeni Rasmi akalipokea kwa mikono yake, akalifungua, akaitoa picha.

Suti zilikuwa zimesalimika. Tai zilikuwepo, na mikono iliyofungwa mbele kwa heshima. Kuanzia kwenye kola kwenda juu, maji yalikuwa yamekula vyote. Kila mjumbe alikuwa na doa jeupe mahali pa uso. Nilijitafuta pale pembeni nilipokuwa nimesimama, nikakuta tai.

Bibi Ferista aliipokea, akaisogeza karibu na macho, akaigeuza kwenye mwanga. "Hawa ni akina nani?"

Alikuwa anamuuliza Mgeni Rasmi. Naye aliitazama ile suti ya katikati, ambayo ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa ameivaa siku hiyo, akawatazama watu wote waliokuwa wakimsubiri.

"Hawajulikani, bibi," alisema.

Bibi Ferista akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Maskini. Msiwatupe basi. Wawekeni mahali pakavu, ndugu zao watakuja kuwatafuta." Akaniletea mimi niitunze.

Upawa ukalazwa. Mzee Clement alielekeza mpini upande aliotaka, na Mwenyekiti na Mgeni Rasmi wakafukia, kwa kuwa aliyefukua hufukia. Bibi Ferista alitupa udongo mara moja, akataja jina la mwanawe, halafu akamtaja na yule beberu. Wanawake wakalia wakacheka kwa pamoja, na mimi nililia bila idhini ya mtu yeyote. Wachimbaji walikalishwa kando, mikono ya udongo, hawali na wenzao mpaka maji yaje. Mgeni Rasmi alisubiri maji yake akiwa amechuchumaa bega kwa bega na Mwenyekiti, na wapambe wakiwa mbali wanatazama simu.

Sufuria likaepuliwa. Restuta akapakua bakuli la mama yake, akapapasa kwenye kikapu, akapapasa tena, akawatazama wenzake.

"Chumvi," alisema. "Hatukubeba."

Mzee Clement alishika kola ya koti lake, akamtazama Bibi Ferista, na Bibi Ferista akasema kwa sauti ya chini sana kwamba si kitu, atakula hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka. Maduka ya karibu yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya sherehe yetu, kwa agizo nililoliandika mwenyewe. Ikabidi nivuke barabara kuu. Foleni ya malori ilikuwa imeanza kusogea, na kama kuna kitu ninachokiogopa kuliko chui ni lori la shaba linalosogea. Nilipita katikati yake nikiwa nimefumba macho, jambo ambalo sasa najua lina heshima yake. Nikapata pakiti moja kwa mama mmoja wa Nakonde, nikarudi nayo nimeikumbatia. Wasifu wangu ukija kuandikwa, naomba iandikwe vifaa vya kimkakati.

Bibi Ferista aliitia mwenyewe, kwa vidole vitatu. Akakoroga, akaonja, akafumba macho, akakaa hivyo muda ambao Mgeni Rasmi hakuthubutu hata kukohoa.

"Kefa angetia zaidi," alisema, akaongeza. Kisha akala, akamaliza, akaomba tena.

Mnara umezinduliwa. Upande wa nne sasa ndio wa mbele, kwa sababu watu wote hukaa upande huo, na Restuta amehamishia beseni lake hapo. Bibi Ferista huja siku za mnada kumsalimia mwanawe na kunikagua mimi.

Kuhusu ile picha, nimeihifadhi mahali pakavu kama nilivyoelekezwa, ukutani ofisini kwangu, chini ya tangazo linalowaomba ndugu na jamaa wajitokeze. Wajumbe wote wamepita na kuitazama. Mwenyekiti ameitazama mara nyingi, akasema hao watu hawafahamu. Mkewe alikuja akauliza suti hizo zimeshonwa wapi. Mpaka taarifa hii inaandikwa, hakuna ndugu aliyejitokeza.